Mahari ya Mbuzi Wasio na Watoto

"Kanga, Kanga. Hapa ni Bondeni. Malori yameonekana?"

"Hakuna hata moja, afande."

Redio ya Motorola ikanyamaza.

Jasusi Muthoki alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, darubini machoni, Browning kiunoni. Chini yake mto Athi ulikuwa umefura, mwekundu, unabeba miti mizima. Mvua ya mwaka huo wa 1997 haikuwa ya baraka. Ilileta mbu. Mbu wakaleta homa. Kule Ikutha mbuzi walikuwa wanatupa mimba, na wachungaji wawili walikuwa wameshazikwa. Walikufa damu ikiwatoka puani.

Serikali ilikataza mifugo kuvuka daraja.

Lakini tajiri Nzomo alikuwa amemwahidi mwenye hoteli mmoja wa Kiboko mbuzi wa Krismasi, na fununu ilisema atawapitisha kwa malori. Na Krismasi, nani hali nyama? Hata mtoto mchanga hulambishwa mchuzi.

Ndipo Muthoki akasikia nyimbo.

Akina mama walitokea kwenye kona wakicheza, leso mabegani, vigelegele juu. Nyuma yao kundi la mbuzi. Mbele yao mzee mnene, suti na bakora.

Nzomo.

Askari wa kizuizi akacheka, akainua mti. "Pitisheni wakwe! Msisahau kutuletea mguu!"

Muthoki akakaza darubini. Mbuzi wote walikuwa majike. Viwele vimejaa mpaka vinavuja.

Na hakuna kitoto hata kimoja kilichokuwa kinalia nyuma ya mama yake.

Walikuwa wametupa mimba.

"Bondeni, wanavuka! Kwa miguu! Wanasema ni mahari!"

Yamaha ikanguruma. Akateremka kilima kama jiwe, akaikingamisha pikipiki katikati ya daraja.

"Wewe msichana, toa hiyo kitu! Unazuia mahari ya watu?" Nzomo alifoka.

"Hapana, mzee. Nataka tu kuona baraka." Muthoki akavaa glavu za mpira, akamshika mbuzi mmoja, akakamua kikombe. "Kunywa, baba ya bwana harusi. Tujue mkwe amepelekewa kitu kizuri."

Nzomo akarudi nyuma.

"Mimi... tumbo yangu haitaki maziwa."

"Aiii, mzee! Unaogopa mahari yako mwenyewe?" Mama mmoja alicheka, mtoto mgongoni. Aliitwa Syombua. "Lete, nimpe huyu wangu. Jana aliyapenda."

Mkono wake ukanyooka.

"Usiguse!" Muthoki akakivuta kikombe.

Nyimbo zikakatika.

Nzomo akakipiga kikombe kwa bakora. Maziwa yakaruka usoni mwa Muthoki, yakakwama kwenye miwani ya pikipiki. Alipoivua, mzee alikuwa anakimbia kurudi kizuizini, upande wa Kitui walikotoka.

Browning ikalia. Mara moja, hewani.

Askari akashtuka, akaachilia mti. Ukamkuta Nzomo tumboni.

"Sisi tuliambiwa malori," askari alinong'ona, akimfunga pingu.

Muthoki akampita. Alimgeukia Syombua.

"Umesema jana aliyapenda. Jana gani?"

"Mbuzi walilala kwangu, dada. Mzee alitupatia sukari tumwimbie, tukadhani ni harusi kweli. Nikamkamulia mtoto."

"Ulichemsha?"

"Nilichemsha mpaka ikamwagika kwa moto. Mwaitu, mama yangu, alinifundisha hivyo."

"Basi moto umeiua homa," Muthoki alisema.

Kisha akaiona mikono ya yule mama. Mipasuko ya jembe, mibichi, kila kidole.

"Ulikamua na mikono hii? Maziwa mabichi yakigusa kidonda, homa inaingia."

Syombua akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Akamgeuzia mwenzake mgongo, ili amfungue mtoto. Yeye mwenyewe hakuthubutu kumgusa.

Land Rover ya madaktari ikafika. Mbuzi wakazungukwa. Muthoki akavua glavu, akazichoma kando ya barabara, akawasha Yamaha.

"Bondeni, mbuzi hawakuvuka. Kuna mama anakuja hospitali. Mpokeeni haraka."

"Sawa. Na wewe, Kanga?"

"Naenda Kiboko. Kuna mtu anangoja nyama."

Akaondoka bila kugeuka. Mbu wakamfuata mpaka mwisho wa daraja.