Picha Ishirini na Nne Zenye Giza

Kila siku nikitoka skuli hupitia dukani kwetu, Wete, nikafuta vumbi kwenye kaunta kisha nikamsaidia baba kukata picha za pasipoti. Baba yangu, Keyur, ni mpiga picha. Mimi ni Bhumi, wa darasa la saba, na kwa kukata picha sina mpinzani. Hata kwa kuzipiga nilijiona sina mpinzani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku moja mwalimu wetu, Mwalimu Conchesta, alihitaji picha za wanafunzi ishirini na saba kwa fomu za mtihani, na fomu zilikuwa ziondoke kesho yake. Baba alikwenda kupiga picha za harusi Micheweni na kamera kubwa, akaniachia ile ndogo ya bei nafuu. Hiyo huamua karibu kila kitu yenyewe. Kilichobaki kwetu ni kitufe kimoja cha kuongeza au kupunguza mwanga. Mtu akisimama mbele ya kitambaa cheupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikamtia giza usoni. Kwa hiyo unabonyeza kuongeza, mara mbili. Tena ikikaa kidogo hujizima, na ikijizima husahau, uanze upya. Baba alinieleza hayo hadi nikachoka kuyasikia.

Wanafunzi walipofika dukani, watatu wa kwanza niliwapiga kama nilivyofundishwa. Kisha wenzangu Nyange na Hafiz wakaanza kunichekesha, kamera ikajizima. Nikaiwasha, nikaona uvivu kubonyeza tena. Niliendelea kupiga bila hata kuangalia kioo cha kamera.

Jioni, printa ilipotoa karatasi, nilipigwa na butwaa. Picha tatu zilikuwa safi. Ishirini na nne hazikuwa na macho wala pua, ni kola nyeupe za sare na giza juu yake. Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, akauliza kulikoni.

"Kamera mbovu, baba," nikasema. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri.

Hakuuliza mara ya pili. Aliichukua kamera, akanishika mkono tukavuka barabara mpaka dukani kwa Ami Zulfiqar, aliyetuuzia kamera ile mwezi uliopita. Yeye na baba hunywa chai pamoja kila asubuhi tangu sijazaliwa. Siku hiyo baba hakumsalimia. Alimwambia mbele ya wateja kwamba ametuuzia kitu kibovu na kuwaponza watoto wa watu. Nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia baba akimfokea mtu.

Nilingoja Ami naye afoke, au aiwashe kamera aijaribu. Hakufanya lolote katika hayo. Aliuliza tu ni nani aliyeitumia, baba akaninyooshea kidole.

"Basi ikiwa Bhumi kasema mbovu, ni mbovu," alisema Ami. "Niwieni radhi." Akashusha kamera nyingine rafuni.

Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Si mbovu, Ami," nikasema, machozi yakinitoka. "Ni mimi. Nilifanya uvivu kubonyeza, kisha nikasema uongo."

Baba akamwomba Ami msamaha mbele ya wateja walewale, kwa sauti kubwa ileile aliyomfokea nayo. Sijapata kuona aibu kama ile.

Usiku ule baba alimpigia simu Mwalimu Conchesta, na saa moja asubuhi wanafunzi ishirini na nne walikuwa wamepanga foleni dukani kwetu. Nilibonyeza upya kila mara kamera ilipojizima, nikatazama kila uso kwenye kioo. Fomu ziliondoka zimekamilika.

Tulipokuwa tunafunga duka, baba aliniketisha.

"Picha tumezipiga tena, zimekwisha," alisema. "Lakini Ami yako alikuwa tayari kubeba kosa lako kwa sababu anakuamini, na mimi nimemvunjia heshima kwa sababu nilikuamini. Uvivu ni kosa. Kumtupia mwengine kosa hilo ni dhuluma."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kuanzia leo, ukiniambia kitu kibovu, nitakijaribu kwanza," akasema. "Jitahidi, mwanangu, mpaka ifike siku ambayo sitahitaji kukijaribu."