Waliita Kivuli cha Frosina

Kabla jogoo hawajamaliza kubishana, wanawake wa Santa Eduviges huwa wameshapanga ndoo zao mlangoni kwa Frosina. Kila ndoo ina mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa. Frosina huwasha mashine ya kusagia, humimina mahindi, na upande wa pili hutoka donge laini la kupikia chapati. Kijiji kizima hula kwa mikono yake. Mashine ni hiyo moja tu. Serikali iliahidi ya pili, ikaleta bango lenye picha ya mkubwa mmoja akicheka. Bango lipo mpaka leo. Mashine haijaja.

Frosina alianza na jiwe la kusagia la mama yake, akisaga huku amepiga magoti. Akauza chapati sokoni, akajinyima, akanunua mashine. Fidencio, mumewe, alikata kuni na kuchemsha mahindi.

"Mwanamke huyu hachoki," watu walisema. Ilikuwa sifa. Baadaye sifa hiyohiyo ndiyo iliyomziba mdomo.

Huko milimani, kila mwaka mtu mmoja hubebeshwa mzigo wa mtakatifu msimamizi wa kijiji. Ndivyo wanavyouita wenyewe: mzigo. Mwenye mzigo hulisha kijiji kizima wakati wa sikukuu, huita wapiga tarumbeta, hutafuta mishumaa na fataki. Mzigo hauombwi. Jina lako husomwa mkutanoni, nawe husimama na kusema asante. Kukataa ni aibu itakayowafuata hata wajukuu.

Mwaka ule Mzee Crisóforo, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, alisoma jina la Frosina.

"Mwenye mashine ana uwezo," alisema, akaketi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kubeba mzigo tangu apate kiti. Wenye viti hugawa mizigo, hawaibebi.

Frosina alisimama, akasema asante. Tangu siku hiyo mashine haikulala. Alisaga asubuhi, akapika chapati mchana, jioni akalisha nguruwe aliowafuga kwa ajili ya sikukuu. Jumapili nayo, siku yake ya kupumzika, akaifuta.

"Pumzika kidogo, mke wangu," Fidencio alimwambia.

"Nitapumzika nikishamaliza."

"Utamaliza lini?"

Frosina akachukua ndoo ya pumba, akatoka.

Miezi ikapita. Fidencio akaanza kuona mambo yaliyomtisha. Frosina alikuwa mtu wa utani. Sasa wanawake walimtania, naye akawatazama kama watu wanaosema lugha ya ng'ambo. Chakula alikisukuma pembeni. Akilala, hapati usingizi. Akiamka, anasema mwili wote unamuuma. Asubuhi moja, akichemsha mahindi ya chapati zake za kuuza, alisahau kutia chokaa kwenye sufuria, mahindi yakagoma kumenyeka. Hilo ni jambo la kwanza analofundishwa msichana wa huko.

"Frosina mwanangu," alisema Bibi Tomasa, mzee mwenye ulimi mkali kuliko wote kwenye foleni, "umepika mahindi au kokoto? Au una mchumba mjini anakuchanganya akili?"

Wenzake wakacheka. Zamani Frosina angemrudishia maneno mpaka bibi akimbie. Siku hiyo aliketi sakafuni akalia. Kicheko kikafa palepale.

Fidencio alisimama na kuni mkononi. Akaziweka chini, akamwinua mkewe.

Siku chache baadaye mkanda wa mashine ulikatika, ukapita karibu na uso wa Frosina kama mjeledi. Wanawake waliruka nyuma. Frosina hakuruka. Hakupepesa hata jicho. Alitazama tu, kana kwamba lililotaka kumpiga halikumhusu. Fidencio aliogopa sana. Hakuuogopa mkanda, aliyaogopa macho yale.

"Ni mshtuko huo," Bibi Tomasa aliamua. "Mkanda umemtoa kivuli. Kivuli chake kimebaki pale sakafuni. Lazima tukiite."

Ndivyo wanavyofanya. Mtu akishtuka vibaya, husema kivuli chake kimebaki pale aliposhtukia. Basi Bibi Tomasa akaja na majani ya kunukia na pombe kali. Akampangusa Frosina kichwa hadi miguu, akapiga sakafu kwa matawi.

"Frosina, njoo. Usibaki hapa. Njoo twende nyumbani."

Fidencio naye aliita. Aliita tena na tena. Frosina alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri wenye nyumba wamalize mambo yao.

"Kimerudi," Bibi Tomasa alisema. "Kesho afungue mashine."

Na kesho yake akaifungua. Hapo ndipo walipokosea. Kwa kuwa kivuli kilishaitwa, hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba bado anaumwa. Frosina naye alijilaumu zaidi: watu wamemhangaikia, mbona hajapona?

Fidencio akaanza kumfuata. Frosina akienda kisimani, yuko nyuma yake. Akichelewa bandani kwa nguruwe, huacha kazi akamchungulie. Hakujua anaogopa nini hasa. Au alijua, ila hakuthubutu kulitaja neno lenyewe, asije akaliita.

Mchana mmoja alimkuta ameketi bandani, ndoo ya pumba imemwagika.

"Ungeoa mwanamke mwingine," Frosina alisema taratibu, "ungekuwa na maisha mazuri. Bila mimi wote mngepumua."

Fidencio aliiacha ndoo palepale. Alimshika mkono, akampeleka nyumbani, akamwomba Bibi Tomasa akae naye. Kisha akakimbia mpaka kwa Obdulia.

Obdulia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na nyumba yake ilipakana na zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa imepakwa rangi nzuri na kufunguliwa kwa hotuba ndefu. Wakubwa walikumbuka rangi, wakasahau daktari. Aliyebaki ni Obdulia, aliyefundishwa kidogo na aliyekiri kila alipofika mwisho wa ujuzi wake.

"Shemeji, kaa, unahema," alisema. "Kuna nini?"

Fidencio alimweleza yote: chakula, usingizi, kilio, mkanda, maneno ya bandani.

"Hali hii imeanza lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua! Na mimi jirani yako sijui?"

"Tulificha. Watu wangesema mwenye mzigo amerukwa na akili."

"Mficha maradhi, shemeji, kilio humuumbua." Obdulia alivaa viatu. "Umemuuliza kama anafikiria kufa?"

Fidencio alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nikimuuliza si nitampa wazo hilo?"

"Hapana. Wengi wanaamini hivyo, na ndiyo maana wagonjwa hubaki peke yao. Ukimuuliza kwa upole, unamfungulia mlango. Twende."

Walimkuta Frosina kitandani, uso ukutani. Bibi Tomasa alikuwa akimpangusa tena kwa majani.

"Bibi, endelea kumshika mkono," Obdulia alisema. "Siwacheki. Kumwita mtu kwa jina ni upendo. Lakini huu ugonjwa unataka na dawa nyingine." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Dada, nakuuliza wazi, na jibu lolote sitakugombeza. Unafikiria kufa?"

 Fidencio akasogea karibu na kitanda.

"Natamani nisiamke," Frosina alisema bila kugeuka. "Natamani kelele ikome. Hata mashine ikizimwa, mimi naisikia."

"Umepanga kujidhuru?"

"Sijapanga. Lakini naogopa. Wazo linakuja lenyewe."

Akageuka, akalia. Fidencio naye akalia, na Bibi Tomasa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akilia, akajificha nyuma ya majani yake.

"Umefanya vizuri kusema," Obdulia alimwambia. "Sasa sikilizeni. Huyu si mvivu, wala hajarogwa. Alifanya kazi bila kupumzika mpaka nguvu zikaisha, kisha sonona ikamwingia. Sonona ni ugonjwa. Inaondoa usingizi, hamu ya kula, furaha, hata kumbukumbu. Inamdanganya mtu kwamba ni mzigo kwa wenzake. Hali kama hiyo ikizidi wiki mbili, mtu aende hospitali. Na ikigusa habari ya kufa, haingojewi hata siku moja."

"Na mashine?" Frosina aliuliza.

"Itakaa. Chuma hakioni huruma, na wewe usikionee."

"Na mzigo wa mtakatifu?"

"Mtakatifu hajalalamika. Wanaolalamika ni kamati."

Obdulia alikusanya vitu vyote vya hatari mle nyumbani, akavipeleka kwake kuvihifadhi. Akasema Frosina asiachwe peke yake mpaka aonwe na daktari. Safari ilianza siku ileile, kwenye gari la mfanyabiashara wa jibini, kwa kuwa gari la wagonjwa la kijiji lilikuwa limempeleka mkubwa fulani harusini.

Njia nzima Fidencio alimshika mkewe mkono. Alimshika kwa nguvu mno.

"Unaniumiza," Frosina alisema.

"Samahani." Lakini hakumwachia.

Daktari wa mjini alikuwa mwanamke kijana. Alimsikiliza Frosina muda mrefu bila kutazama saa. Akampa vidonge, akampangia kurudi kila wiki kuzungumza na mshauri.

"Vidonge havifanyi kazi kesho," alisema. "Huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa. Na ukipata nafuu usiviache mwenyewe. Njoo tuzungumze kwanza. Wazo la kufa likikuzidi, usisubiri siku yako ya kuja. Mwambie mtu, uje mara moja."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mashine ilifungwa. Wanawake walirudi kwenye mawe ya kusagia, wakanung'unika mpaka ikasikika mlimani. Mzee Crisóforo akamwita Fidencio mbele ya kamati.

"Naambiwa mkeo amepata ugonjwa wa kizungu," alisema. "Sisi zamani tuliuita uvivu."

Watu walicheka kidogo.  Maisha yake yote Fidencio alikuwa mtu wa kuvua kofia mbele ya wenye viti. Hata siku hiyo aliivua. Lakini alisema.

"Mzee, mke wangu alikaribia kufa."

Kicheko kikakatika.

"Mlisoma jina lake bila kumuuliza. Na mimi sikumtetea, kwa kuwa niliogopa aibu. Sasa naogopa jambo kubwa kuliko aibu. Mzigo huu hataubeba peke yake. Mkitaka mtufukuze, mtufukuze."

"Mtakatifu atakasirika," Crisóforo alisema.

"Akikasirika aje kwangu," sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa Bibi Tomasa. "Mimi namwomba miaka yote, tunajuana. Kila nyumba ipike chungu kimoja, tukutane uwanjani. Wewe, Crisóforo, utapika nini? Au hujui jikoni kwako ni wapi?"

Wanawake wakacheka kwa sauti. Mwenyekiti akatazama karatasi zake, akasema kamati italifikiria. Kamati za namna hiyo hufikiria tu zikiona watu wamekwisha kuamua. Vyungu vikapikwa. Sikukuu ikafana, na wapiga tarumbeta wa kijiji wakapiga bure, vibaya, kwa furaha.

Frosina alipona polepole, kama mtu anayepanda kilima kwa miguu. Kwanza usingizi. Kisha akaanza kuoga bila kukumbushwa. Siku nyingine alianguka tena, akakaa kitandani, na Fidencio akakesha akihesabu pumzi zake. Alipopata nafuu alitaka kuviacha vidonge.

"Nimepona, vya nini tena?"

"Hujamaliza ukuta, unataka kubomoa jukwaa la mafundi?" Obdulia alisema. "Endelea mpaka daktari aseme."

Mashine ilipofunguliwa tena, Frosina hakuwa peke yake. Wifi yake Domitila alishika zamu ya asubuhi kila baada ya siku moja. Jumapili mlango ulifungwa. Mwanzoni watu waligonga. Frosina aliketi ndani, asifungue. Baadaye wakajifunza kusaga Jumamosi.

Kisha ikaja siku aliyosema, "Leo nakwenda kwa daktari peke yangu."

"Nitakusindikiza."

"Fidencio. Mimi si mbuzi."

Akapanda basi la asubuhi. Fidencio alirudi kwenye kazi, akakata kuni zisizohitajika. Mchana akaenda kituoni. Basi lilichelewa. Akasimama juani, akakaa, akasimama tena. Obdulia alikuwa amemwambia kwamba kumwamini mgonjwa anayepona nako ni dawa. Lakini dawa hiyo ilikuwa chungu, na aliyekuwa akiimeza ni yeye.

Basi likafika. Akashuka mwalimu. Akashuka mtu na kuku wake. Akashuka mama na watoto. Mlango ukabaki wazi, hakuna mwingine. Fidencio akasogea kuchungulia ndani.

Ndipo akasikia sauti ndani ya basi, kali, ya mtu anayejua haki yake.

"Kijana, hiyo sufuria ni yangu, na mfuniko wake u wapi? Usinitazame, tafuta."

Frosina akashuka na sufuria chini ya kwapa, kitambaa kimepinda kichwani.

"Nilikununulia mapera," alisema.

"Yako wapi?"

"Njaa ilinishika njiani. Nikayala yote."

Fidencio akageuza uso upande wa mlima, akajifuta macho.

"Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Nimefika sasa hivi."

Frosina alimtazama shingo iliyoungua kwa jua. Akamkabidhi sufuria.

"Mwongo wewe," alisema. "Twende. Jua kali."