Mayai Yaliyoota Jua Kibirizi

Kila alipotoka shule, Goreth alivua sare, akala alichobakiziwa, kisha akashuka ufukweni Kibirizi kulinda dagaa wa bibi yake walioanikwa mchangani. Kazi yenyewe ilikuwa kufukuza kunguru. Lakini Goreth alikuwa bingwa wa kuota ndoto akiwa macho. Ziwa likishaanza kumetameta, na milima ya Kongo ikielea ng'ambo, kunguru walijipakulia watakavyo.

Siku hizo alimwota Mwekundu, jogoo wao aliyegongwa na bodaboda kwenye njia ya Gungu. Alimlilia mpaka macho yakavimba. Kilichobaki ni mayai machache ya tetea wao, ya mwisho kuwa na mbegu ya Mwekundu. Bibi Veneranda aliyapanga kikapuni juu ya pumba, ncha zikitazama chini, akakiweka kikapu kando ya mtungi wa maji. Leo alikiinamisha upande huu, kesho upande ule, viini visigandie ganda, akimsubiri tetea ashikwe na hamu ya kuatamia.

Goreth aliyaonea huruma. Ubaridi wote ule, na mama yao hayupo! Yale manne makubwa zaidi aliyapa majina, na kila alasiri aliyafunga kwenye kanga, akashuka nayo ufukweni, akayafukia kidogo kwenye mchanga wenye joto. Alilala kando ya mayai, akasikia, au akadhani anasikia, vifaranga wakinong'ona ndani. Jua lilipopoa aliyafuta mchanga na kuyarudisha penye mtungi kabla Bibi hajatoka kisimani.

Asubuhi moja ya Jumamosi tetea aligoma kutoka kiotani, manyoya yamemsimama. Bibi alifurahi kama aliyepata mgeni.

"Goreth, mjukuu wangu, lete kikapu! Mayai yetu yamelala vizuri, leo tunayaamsha."

"Yamelala, Bibi?" Goreth aliuliza akimkabidhi kikapu.

"Ndiyo. Ndiyo maana nayaweka penye ubaridi. Yai likipata joto, kifaranga huanza kujiumba. Ukilirudisha kwenye baridi, anafia humo humo, yai linabaki viza."

Goreth alikikodolea macho kikapu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini alimtazama tetea, amejitandaza kiotani, tayari kukaa pale wiki tatu kwa njaa na kiu. Akamfikiria akilalia mayai yaliyokufa.

"Bibi," alisema, machozi yakimtoka, "mimi niliyaotesha jua. Niliyapeleka mchangani. Nilidhani yanasikia baridi."

Bibi Veneranda aliweka kikapu chini.

"Yote?"

"Manne."

"Unayajua?"

Goreth aliyajua kwa sura, kila moja na jina lake. Aliyatoa mwenyewe, moja moja, yale yale aliyoyapenda kuliko yote. Hilo lilimuuma sana. Bibi aliyaweka kando, akayasukumia mengine chini ya tetea.

Wiki tatu zilipotimia, Goreth aliamshwa na vilio vyembamba. Chini ya bawa la tetea vichwa vilichungulia, kimoja kikiwa na wekundu kama udongo wa Mwandiga baada ya mvua. Goreth alicheka huku akilia. Alinyoosha mkono ambebe kifaranga yule mwekundu, ampashe joto kidogo tu.

Kisha akaurudisha mkono, akauficha ndani ya kanga.

Bibi Veneranda aliona, akamshika bega. "Umeona? Kupenda peke yake hakutoshi, mwanangu. Uliza kwanza unachokipenda kinatunzwaje. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Ungenyamaza, yale manne yangeoza na kuharibu mengine, na huyu mwekundu nisingemwona."

"Naweza kumpa jina, Bibi?"

"Mpe. Ila mwache kwa mama yake."

Alasiri ile Goreth alishuka ufukweni mikono mitupu. Ziwa lilimetameta, milima ikaelea. Kunguru akatua kwenye dagaa, naye Goreth akaota ndoto zake mpaka kunguru akashiba.