Goti Lisilokunjika

Fundi Paa, mwezekaji wa nyumba, alikutwa bafuni amekufa, ameegemea ukuta, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama ubao. Kisogoni alikuwa na jeraha dogo.

"Aliteleza," alisema binti yake, macho yamevimba. "Tangu wamwekee goti bandia, mguu haukunjiki."

Inspekta alichutama, akapitisha kiganja sakafuni. Pakavu kabisa.

"Aliteleza kwenye nini?"

Binti aliitazama sakafu.

Majibu ya mkemia aliyepima damu yalipotoka, daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu mwenyewe.

"Jeraha lile haliui hata paka," alisema. "Alianguka kwa sababu presha ilishuka mno, na haikupanda tena. Damu yake imejaa dawa ya kushusha presha."

"Alikuwa na presha?"

"Nimemuuliza daktari aliyempasua goti. Hakuwa nayo kamwe."

Mwenye presha katika nyumba ile alikuwa mmoja tu: shangazi, dada wa marehemu. Majirani walikuwa wepesi wa kusema kwamba ndugu hao walikuwa hawaivi chungu kimoja. Inspekta alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga imemfunika hadi kidevuni.

"Mlikuwa mnagombana, shangazi."

"Alikuwa kaka yangu. Tulianza kugombana wewe hujazaliwa, mwanangu."

"Dawa zako ziko wapi?"

Alimwonyesha kopo kwenye dirisha. "Siku hizi zinaisha upesi. Nilidhani ni uzee, nameza, nasahau, nameza tena. Sikumwambia mtu. Wangesema nimechanganyikiwa."

"Nani anakuletea?"

"Binti huyo huyo. Nani mwingine yupo?"

Inspekta alishusha pumzi. Moyoni alikuwa ameomba mkosaji awe bibi huyu mwenye mdomo mkali. Jikoni, koplo wake aliinua kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Kwenye ufa wake kulikuwa na unga mweupe. Maabara ilisema ni dawa ile ile.

Lakini kwa nini? Inspekta alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyekuwa akimkunja marehemu goti kila wiki.

"Kovu lilikuwa limekaza ndani," alisema. "Nikisukuma, mzee anang'ata taulo. Binti akaniuliza kama hakuna dawa. Nikamwambia kuna watafiti wanaochunguza aina fulani ya dawa za presha, kwamba huenda wanaozitumia viungo vyao havikakamai sana baada ya upasuaji." Alifuta viganja kwenye suruali. "Nilimwambia haijathibitishwa, afande. Nilimwambia."

Kituoni, binti alikataa maji. Inspekta alimweleza kwamba ana haki ya kunyamaza, kisha akaweka kinu mezani. Binti alikitazama, mabega yakamshuka.

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka atembee."

"Kwa nini kwa siri?"

"Angekataa. Dawa za dada yake? Bora afe." Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Endelea."

"Mchumba wangu amehamishwa kikazi. Amenisubiri mpaka amechoka. Kaka zangu nikiwapigia simu wananiambia, wewe ndiye uko nyumbani. Baba mwenyewe alisema siku atakayopanda ngazi bila kushikwa, niende zangu. Basi nikasema apande ngazi."

"Alikwambia anajisikia vibaya?"

"Alisema kizunguzungu. Nikamwambia ni joto."

"Na siku ile?"

"Daktari alikuwa amesema goti lisipolegea, watamlaza usingizi walikunje kwa nguvu. Baba alilia. Mtu aliyekuwa akitembea juu ya mapaa kama yuko sebuleni! Asubuhi nikatwanga nyingi, nikakoroga kwenye uji. Akaumaliza wote. Akasema, mwanangu, una mkono wa mama yako."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee, akasoma shtaka kwa sauti isiyo na rangi: kuua bila kukusudia. Alijua hakimu angesema nini. Alijua pia kwamba mchumba hangesubiri tena.

Binti alitia sahihi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Afande, hospitali walipomchunguza, goti lilikuwa limeanza kulegea?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amejaribu kulikunja pale mezani, mwili wote umeshalegea, goti likagoma.

"Hapana," alisema Inspekta. "Hata kidogo."

Binti aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Na shangazi? Nani atampikia sasa?"

Inspekta alimtazama koplo. Koplo aliinuka, akachukua funguo, akaenda kufungua mlango wa mahabusu ili binti aingie.