Kidonge cha Goti

Sogeeni karibu, watu wa nyumbani, na wewe uliye na dawa zilizobaki kabatini usikae mbali. Nina habari ya boma moja huku Malava, boma tulivu ambalo hata mbwa wake alibweka kwa adabu.

Humo aliishi Khalayi, mjane, pamoja na mwanawe Cornelius, mkata miwa, na mke wa Cornelius aitwaye Maurine. Jioni moja mvua ilikuwa imekatika, obusuma, yaani ugali, uko mezani, mboga zinatoa mvuke. Maurine alikuwa na mimba yake ya kwanza, iliyokwisha kuvuka nusu ya safari. Alikuwa ametoka palizi, na sasa alikaa ameshika kiuno.

Khalayi alimpenda msichana yule kuliko alivyojua kusema. Aliinuka, akachechemea na goti lake bovu hadi chumbani, akarudi na kopo.

Kopo hilo lilikuwa maarufu. Zamani lilikuwa la majani ya chai, na sasa Khalayi aliwekamo kila kidonge kilichobaki: vya malaria, vya kikohozi, vya presha ya marehemu mumewe, na vile vya goti alivyopewa yeye mwenyewe. Majirani walipokuja kuomba hakuwanyima, na alichagua kwa rangi. Naam, kwa rangi. Msicheke, maana kopo kama hilo hata kwenu lipo.

"Meza hii, mwanangu," alisema. "Mimi humezanga hii na goti linanyamaza mpaka asubuhi."

Maurine alisita. Kliniki walikuwa wamewaonya wajawazito wasimeze dawa bila kuuliza. Lakini angeanzia wapi kumkatalia mama mkwe anayempa kwa mapenzi?

"Asante, Mama," akasema, akameza.

Maumivu yalipoa. Kesho yake akapewa tena, na kesho kutwa, hata ikawa desturi ya kila jioni baada ya chakula.

Wiki zilipita. Maurine, ambaye alizoea kucheka mtoto akimpiga teke, alianza kuwa kimya. "Mama, siku hizi hachezi sana," alisema.

"Huyo ni mpole kama babu yake," Khalayi akamjibu, ingawa moyo wake haukutulia.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alipima tumbo, akarudia kulipima, akasema ni dogo kuliko miezi yake. Aliwatuma, Maurine na mama mkwe aliyemsindikiza, mjini Kakamega siku ile ile, tumbo likapigwe picha. Khalayi alikataa kubaki nje. Aliingia na Maurine katika chumba chenye mwanga hafifu, akasimama kando ya kitanda.

Sasa ndugu zangu, Khalayi alikuwa amezaa watoto wake na kupokea wa wengine, lakini hakuwahi kuona ndani ya tumbo. Kwake mimba ilikuwa chumba ambacho Mungu amekifunga na kuondoka na ufunguo. Daktari, mama mmoja aitwaye Chebet, alipitisha kifaa juu ya tumbo la Maurine, na kwenye kioo mtoto akatokea. Uti wa mgongo ulikuwa umepangika kama punje kwenye gunzi la mahindi. Mkono ulikuwa mdomoni. Na katikati ya kifua, kitu kidogo kilikuwa kikipiga, kikipiga, bila kuchoka.

"Huyo ni yeye?" Khalayi alinong'ona.

"Ni yeye, mama."

Khalayi aliona anapaswa kuvua viatu. Alisahau goti, akasahau hata kupumua.

Kisha uso wa daktari ukabadilika. "Hapa kandokando ya mtoto palipaswa kuwa peusi, pamejaa maji," alisema. "Maji yamepungua sana. Maji hayo kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anayameza, figo zake zinayachuja, anayatoa tena. Figo zake zimepunguza kazi. Maurine, kuna dawa umekuwa ukimeza?"

"Hakuna, daktari."

Khalayi aligeuka. Maurine alikuwa amekaza macho ukutani, machozi yakimteremka hadi sikioni. Hapo mwanamke yule mzee akaelewa. Msichana huyu alikuwa radhi kumhatarisha mtoto wake kuliko kumwaibisha mama mkwe mbele ya mgeni. Khalayi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini kwenye kioo ule moyo mdogo ulikuwa bado unapiga.

"Daktari, mimi ndio nilikuwa nampatianga," alisema. Akatoa mkobani pakiti ya vidonge aliyotembea nayo kila mara. "Ni vya goti langu. Sikujua vinafikanga huko ndani."

Daktari Chebet alivisoma. "Hii ni diklofenaki. Mtoto anapata kile mama anachomeza, na hii hubana figo zake. Ibuprofeni ni ndugu yake. Asante kwa kusema, mama. Tukiiacha leo, kuna matumaini. Dawa ya kiuno tutampa sisi."

Maurine aliushika mkono wa Khalayi.

Walirudi kupimwa tena na tena. Siku moja Khalayi aliona weusi umemzunguka mtoto kila upande, maji yakiwa yamerudi, na mtoto akapiga teke mbele ya macho yake. Alilia bila kujificha. Msichana alizaliwa salama wakati wa kuvuna mahindi, akaitwa Nekesa, jina la wasichana wa msimu wa mavuno.

Vidonge vyote vya lile kopo Khalayi alivipeleka hospitalini vikateketezwe. Baadaye jirani mmoja alikuja kumwombea binti yake mjamzito kidonge cha kichwa, kama ilivyokuwa zamani. Khalayi alimfungulia kopo, na jirani akaona ndani maharagwe ya mbegu tu. Kisha akajifunga leso, akamchukua binti huyo, wakaenda kliniki kwa miguu, goti likiuma hatua kwa hatua.

FUNZO

Kidonge kinachomponya bibi kinaweza kumdhuru mjukuu aliye tumboni. Mama mjamzito, usimeze dawa ya duka, ya jirani wala ya mitishamba kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Na dawa uliyoandikiwa na daktari, usiiache kwa hofu bila kumuuliza. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiulizwa umemeza nini, sema yote.

Nasi wazee, tuwape wake wa wana wetu ruhusa ya kutukatalia. Maurine alikuwa ameonywa, akajua, na bado alimeza, kwa sababu sisi wazee hatukuwa tumemfundisha kwamba heshima inaweza kusema hapana.