Uwanja Uliofagiliwa Hadi Korongoni

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla majogoo wa mtaa wa Makole hawajamaliza kugombana, Mzee Damas alikuwa ameshashika ufagio. Alianza mlangoni. Akapita chini ya mwarobaini. Akaenda hadi ukingo wa korongo. Hakuacha hata jani moja. Uwanja ule ulikuwa msafi mno, jongoo akipita anaona aibu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Jenifa. Jenifa alifariki miaka miwili iliyopita, na Mzee Damas akarithi ufagio. Majirani walimcheka kidogo. Mwanaume mzima, mstaafu wa reli, anainama na ufagio kama mwali! Yeye hakujali. Alifagia vilevile alivyofagia Jenifa. Mistari yote ililala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

Alikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Kwenye uwanja uliofagiliwa, nyayo zinaonekana. Kila akirudi sokoni alitazama chini. Je, kuna mtu alikuja, akapiga hodi, akakosa mwenyeji? Siku nyingi aliona nyayo za kuku. Na kuku wenyewe walikuwa wake.

Nyumba yake ilikuwa peke yake ng'ambo ya korongo. Ili kumfikia, lazima upite juu ya kalavati, yaani lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Upande wa juu barabara ilikuwa nzima. Upande wa chini ilikuwa imemegeka. Bomba lilitokeza nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na chini yake kulikuwa na shimo la kumfukia mtu mzima akiwa amesimama.

Bodaboda waliacha kuvuka. Wenzake wa kanisani, waliokuwa wakienda kusali nyumba kwa nyumba kwa zamu, walimruka mara mbili. "Mzee, tutakuja barabara ikitengenezwa," walisema. Hakuna aliyesema itatengenezwa na nani.

Jioni moja bintiye, Angelina, alipiga simu kutoka Morogoro.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Kalavati liko vipi?"

"Lipo."

"Lipo limesimama, au lipo kwa sababu bado halijazikwa?"

"Angelina, mimi ni baba yako, siyo mtani wako."

"Sasa nisikilize, baba. Likianguka utabaki kisiwani. Ukiugua nani atakuvusha? Mwezi wa kwanza nakuja na gari. Nikikuta halipitiki, nakuchukua tunakuja kukaa Morogoro. Nyumba tutaipangisha."

Mzee Damas aliuegemea ukuta. Kuta za nyumba ile alizikandika Jenifa kwa mikono yake. Morogoro kwa mwanawe angekula vizuri, angelala vizuri, na angekuwa mgeni mpaka kufa.

Kesho yake akaamua kuliokoa kalavati mwenyewe. Alijaza lile shimo. Alitupa humo takataka alizofagia, mabua, magunia ya udongo, godoro bovu, na kitanda kisicho na miguu. Alifanya kazi hiyo wiki nzima, peke yake. Siku ya saba alisikia sauti ya mwanamke juu yake.

"Shikamoo, mzee. Unamtandikia nani kitanda?"

Alikuwa Mwanne, jirani mpya wa upande wa pili wa korongo. Alitoka Kondoa, na kazi yake ilikuwa fundi wa kujenga kwa mawe.

"Marahaba. Natengeneza kalavati."

"Kwa godoro? Kwani maji yakija yatalala?"

Mzee Damas alitaka kukasirika, lakini alikuwa hajazungumza na mtu uso kwa uso siku tatu. Akamwacha aendelee.

Mwanne alichuchumaa ukingoni. "Tazama, mzee. Maji yanatoka kwenye bomba kwa mbio. Yanaanguka. Yakianguka, yanachimba. Yakishachimba, yanarudi nyuma na kula udongo ulio chini ya bomba. Barabara yako haiumwi kichwa. Inaumwa miguu."

"Si ndiyo maana najaza shimo?"

"Mvua ya kwanza itabeba vyote hivi. Vitaenda kuziba kalavati la wenzako kule chini. Maji yakikosa njia, yatapita juu ya barabara na kuingia majumbani. Utakuwa umewatumia mafuriko bila hata salamu."

Kisha akanyoosha kidole. Hatua mia moja chini yao, kijana anayeitwa William alikuwa anachimba mchanga wa kuuza na kuujaza kwenye mkokoteni wake. "Na yule anatuumiza. Akichimba pale, sakafu ya korongo inashuka. Ikishuka, maji ya hapa yanaanguka kutoka juu zaidi. Shimo linatembea kupanda huku."

"Nilijua!" Mzee Damas alifurahi. "William ndiye mchawi wetu!"

"Siyo yeye peke yake, mzee." Mwanne alisita. "Uwanja huu unaufagia wewe?"

"Mimi."

"Mpaka ukingoni?"

"Mpaka ukingoni. Umeona ulivyo?"

"Nimeona. Ndiyo tatizo lingine. Ardhi tupu ni kama bati. Mvua haizami, inateleza tu mpaka ukingoni na kuumega. Ungeacha majani, hatua kumi kutoka korongoni. Hapo usifagie kabisa."

Uso wa Mzee Damas ukabadilika. "Niache majani nifuge nyoka?"

"Ukoka tu, mzee. Majani mafupi. Siyo pori."

"Mke wangu alifagia hapa miaka ishirini na sita. Unasema mke wangu ndiye aliyebomoa barabara?"

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema. Njia uliyojia bado ipo. Itumie kabla haijaanguka."

Mwanne aliondoka. Jioni ile Mzee Damas alizikuta nyayo zake uwanjani. Zilikuwa nyayo za kwanza za mgeni tangu mwezi wa nane. Alishika ufagio, akasimama nao kidogo, kisha akaurudisha mahali pake. Kesho yake upepo wa Dodoma ulizifuta bila kumwomba ruhusa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzoni mwa Desemba, mchana. Mzee Damas alisimama dirishani. Akaona kitu ambacho hakuwahi kukitazama maisha yake yote. Maji hayakuzama. Yaliingia kwenye mistari ya ufagio wake na kukimbia yamenyooka, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Yakafika ukingoni. Pwaa! Kipande cha ukingo kikaanguka. Pwaa! Kingine.

Sehemu moja tu haikuanguka. Palikuwa na mgunga wenye miiba mikali, na chini yake si Jenifa wala yeye aliyewahi kufagia. Pale palikuwa na majani. Maji yalifika, yakapunguza mwendo, yakaingia korongoni polepole kama mgeni mwenye adabu.

Godoro likapita. Kitanda kikalifuata nyuma, kama maharusi wanaokwenda fungate.

Mzee Damas hakucheka. Hakukuwa na mtu wa kucheka naye. Alisema kwa sauti ndogo, "Jenifa, tazama."

Alisubiri hadi maji yakaisha korongoni. Barabara juu ya kalavati ilikuwa imebaki nusu. Alipita akiegemea upande wa juu, akaenda hadi mlango wa Mwanne. Tangu msiba, alikuwa anasubiri watu waje kwake. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda kwa mtu yeyote.

"Hodi."

"Karibu. Mzee Damas! Umepitaje?"

"Nimejipunguza unene."

Wakakaa. Mwanne akamimina chai. Mzee Damas alikizungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Nimeona," alisema mwishowe. "Maji yanapita kwenye mistari ya ufagio. Jenifa hakujua, mwanangu. Hata mimi sikujua."

"Hata bibi yangu hakujua, baba. Kwetu Kondoa milima ilichimbika mpaka serikali ikaondoa ng'ombe waliomaliza majani. Watu walilia. Majani yaliporudi, ardhi ikaanza kushika. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Hawakuwa wameambiwa tu."

Mzee Damas aliangalia chumbani. Mbali na kikombe alichoshika, kulikuwa na kimoja tu, cha mwenyeji. "Unaishi peke yako?"

"Peke yangu. Watoto wangu wako kwa mama yangu, Kondoa."

"Na mimi nilidhani upweke uko ng'ambo yangu tu."

Siku ileile walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Evodia.

"Mbukwenyi, mzee!" Mama Evodia alimsalimia kwa Kigogo. "Leo umevuka! Mvua itanyesha tena."

"Tunaomba isinyeshe kwanza," alijibu Mzee Damas. "Tupe mabeleshi na watu."

Mwanne akafafanua. "Kazi ziko mbili. Bomba na barabara ni kazi ya mhandisi. Sisi tusiguse, wala mtu asiingie chini ya bomba. Udongo ule ukianguka, tutazika mtu. Kazi yetu ni korongo na kingo zake."

Mama Evodia aliweka matawi ya miiba kuzuia magari. Alitangaza kwamba maji yakipita juu ya barabara, mtu yeyote asivuke, hata kama ugali uko ng'ambo. Akaandika barua kwa ofisi ya barabara na kuambatanisha picha. Kisha akawapigia simu kila siku, mpaka wakaijua sauti yake kuliko sauti za wake zao. Wiki ya tatu mafundi walikuja. Waliunga bomba, wakajenga ukuta wa zege kwenye mdomo wake, wakashindilia barabara.

Mtaa nao haukukaa. Kila siku isiyo na mvua watu waliokota mawe. William alikuja na mkokoteni, lakini na uso wa kununa.

"Mnanifukuza mchangani. Sasa mimi nile nini?"

"Shuka kule korongo linapopanuka," Mwanne alimwambia. "Kule mchanga unajaa wenyewe."

"Ni mbali, dada."

"Ni mbali kweli. Lakini kalavati likianguka, mkokoteni wako utapita wapi?"

William alifikiri. "Mkokoteni hauruki," alikubali, akaanza kushusha mawe.

Mafundi walipomaliza bomba, watu wa mtaa walitandika kwanza mawe makubwa pale maji yanapoangukia, kama zulia. Mwishoni mwa zulia walichimba mtaro, mawe ya mwisho yakazama chini ya sakafu ya korongo ili maji yasiyang'oe. Hapo Mzee Damas alikuwa bingwa. Miaka mingi alikuwa akipanga mawe chini ya reli kule stesheni ya Zuzu.

"Wewe William, hilo jiwe umelilaza au umelitupa?"

"Nimelilaza, mzee."

"Linacheza. Jiwe linalocheza ni jiwe linalosafiri. Libane na mwenzake."

Kisha, hatua kadhaa kushuka, walijenga ukuta mfupi wa mawe kukatiza korongo. Wakajenga wa pili, na wa tatu. William alitaka kuzisawazisha juu zipendeze.

"Hapana," Mwanne alisema. "Katikati pawe chini, pembeni pawe juu. Maji yapite katikati. Ukisawazisha, yatazunguka pembeni na kula kingo."

Kingoni walipanda mikonge na ukoka. Mzee Damas alipima hatua kumi kutoka korongoni, akachomeka kijiti. Mbele ya kijiti kile hakufagia tena. Wiki ya kwanza mikono ilimwasha. Asubuhi nyingine alifika kwenye kijiti, akasimama tu, akatazama upande alikokuwa Jenifa akimalizia.

Katikati ya Januari mvua kubwa ilinyesha saa mbili mfululizo. Maji yalitoka kwenye bomba kwa hasira, yakakuta zulia la mawe, yakatulia. Yakapita katikati ya kila ukuta. Nyuma ya kuta yakaacha tope na mchanga, na sakafu ya korongo ikaanza kupanda. Ukingo haukuanguka.

Jumamosi iliyofuata Angelina alifika na pikapu tupu na kamba ya kufungia mizigo. Alisimama mbele ya kalavati. Akashuka, akachungulia chini, akapanda tena, akavuka.

"Shikamoo, baba. Mizigo iko wapi?"

"Marahaba. Iko mahali pake."

Angelina alitazama ule ukanda wa majani kando ya korongo. "Mama angeona haya..."

"Angenifukuza nyumbani. Kisha ningemwonyesha maji, naye angeelewa."

Angelina aliinama, akayagusa majani.

"Na jioni, baba? Unaongea na nani?"

"Na redio. Haijibu, lakini pia haibishi."

"Baba."

"Upweke upo, mwanangu. Sikudanganyi. Mawe hayamrudishi mtu. Lakini tumepangiana zamu za kuzibua mdomo wa kalavati. Takataka zikikaa pale, kazi yote ni bure. Wiki hii ni mimi na William. Mkinipeleka Morogoro, beleshi la pili atashika nani?"

Barabarani mtu alipiga mluzi. "Mzee Damas!" aliita William. "Maji hayasubiri mtu amalize chai!"

"Nakuja! Kelele za nini, kwani unauza samaki?"

Mzee alianza kutafuta mabuti yake. Angelina aliitazama ile kamba mkononi. Akairusha nyuma ya gari. Kisha akavua viatu vyake vya mjini.

"Baba," aliuliza, "kuna beleshi la tatu?"