Chupa Isiyovuja

Specioza alikuwa mkutubi wa shule moja ya sekondari huko Nkololo. Nje ya maktaba yake kulikuwa na mashimo ya miti. Nasema mashimo, kwa sababu miti yenyewe ilikuwa imekufa. Kila mwaka alisoma na wanafunzi vitabu vya mazingira, wakapanda miche, kisha kiangazi kikaimaliza. Walimu wenzake walimtania kwamba anafuga kuni. Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa amekata tamaa.

Mwaka huu alijaribu tena, kwa shingo upande.

"Kila mmoja aje na chupa ya maji kutoka kwao," aliwaambia wanafunzi. "Tumwagilie wenyewe."

Wakaja nazo. Specioza aliangalia miche, hakuangalia chupa.

Jua lilikuwa kali. Kija, msichana wa kidato cha kwanza, aliumwagia mche wake nusu ya maji, nusu akanywa. Haukupita muda akaanza kutapika. Jasho lilimtoka, mate yakamjaa mdomoni, mikono ikatetemeka.

"Tumpe maziwa, Madam," alisema mwenzake.

Specioza aliokota chupa ya Kija. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, lakini alama ya fuvu ilionekana bado. Ilikuwa chupa ya dawa ya kuua wadudu wa pamba.

"Msimpe kitu, wala msimtapishe," alisema. "Hii ni sumu. Tunakwenda zahanati, na chupa tunakwenda nayo, daktari aione."

Akampakia Kija kwenye bodaboda, akamshikilia njia nzima. Alijilaumu sana. Ni yeye aliyesema waje na chupa.

Jioni mama yake Kija, Nyanjige, alifika zahanati akihema.

"Mwadila, mayu," Specioza alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Anaendelea kupata dawa. Alitapika sana, mate yakamtoka, lakini sasa anapumua vizuri."

Nyanjige aliiona chupa mezani.

"Hiyo niliiosha mwenyewe, kwa majivu na maji ya moto."

"Haitakati, mayu. Dawa inaingia kwenye plastiki yenyewe, halafu inatoka kidogo kidogo."

"Lakini haivuji. Ukiifunga kwenye baiskeli hakimwagiki kitu. Hapa kwetu sote tunazitumia. Sasa tuzitupe wapi, mtoni?"

"Mtoni mnakunywa nyie na ng'ombe wenu. Kuchoma nako hapana, moshi wake ni sumu. Nimempigia simu bwana shamba. Anasema chupa ikiisha, isuuze mara tatu hapohapo shambani. Maji hayo yamwage ndani ya bomba la kupulizia dawa, unyunyizie pamba. Kisha itoboe, isimfae mtu tena. Iweke kwenye gunia, mbali na watoto, mpaka yeye aje kuzichukua."

Nyanjige aliichukua ile chupa, akaigeuza mkononi. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Mdogo wake Kija, Ndaki, tulimzika msimu wa pamba. Nilikuwa nambebea maziwa shambani kwenye chupa kama hii. Alitapika hivi hivi. Alitokwa na mate hivi hivi. Tukasema ni mkono wa mtu." Akamtazama Specioza. "Madam, ni mimi?"

Specioza alikuwa amesoma karibu kila kitabu cha maktaba yake.

"Sijui, mayu," alisema. "Hakuna aliyempima."

Wakalia wote wawili.

Kija alipona. Aliporudi shuleni alibeba maji kwenye kibuyu cha bibi yake. Nusu yalimwagika njiani, nusu yakautosha mche wake. Wenzake walikuja na ndoo na madumu ya maji tu, na Specioza alikagua kila kimoja mlangoni.

Nyanjige naye alipita nyumba kwa nyumba na gunia. Kila alipoingia alisimulia habari za Ndaki, ingawa kila mara ilimuumiza upya. Watu walitoa chupa za dawa walizokuwa wakitilia mafuta ya kula, asali na maji ya kunywa.

Gunia lilipojaa akalileta maktaba, bwana shamba alichukulie hapo. Chupa zote alikuwa amezitoboa kwa msumari, isipokuwa moja ndogo, ile ya maziwa ya Ndaki. Akamkabidhi Specioza chupa hiyo pamoja na msumari.

"Hii toboa wewe, Madam," alisema. "Mimi nimeshindwa."